Filamu ya Saba ya Burhani

Xiaobei, Guangzhou
12 Februari 2024

Kaka Marijani,

Mji umefungwa. Tangu juzi ni Mwaka Mpya wao. Soko la Zhongda hakuna jora hata moja la kitambaa lililotoka nje, na pale jengo la Tianxiu Dasha ajenti wetu wa mizigo ameweka kufuli na karatasi nyekundu mlangoni. Basi nina wiki nzima ya kukuandikia orodha yangu, na ikikufikia ujue nimeiandika nimeshiba na nimelala vizuri, usije ukasema ni hasira.

Sheria yetu ni ile ile: kwa kalamu, kwa sahihi, ndani ya robota la satini linalokuja dukani kwako. Simu sitaki, kwenye simu umezoea kufuta. Mwaka juzi uliweka "Wapangaji" ya kwanza, kesho yake ukafuta, ukaniapia kwamba hujawahi kusema hivyo. Wino hufuti, bwana.

Haya, filamu sita za Burhani. Ya mwisho kabisa ni "Bi Arusi wa Voi", na usinipigie kelele. Alikuwa bado anajifunza kazi, kila mtu mle ndani anaongea kama yuko mbele ya hakimu. Juu yake "Chuma Chakavu", halafu "Zamu ya Mlinzi", halafu hiyo "Wapangaji" yako, ambayo najua unaipenda kwa ajili ya yule mwigizaji mwenye mwanya. Ya pili ni "Kitanda cha Tatu". Saa moja na nusu hatoki nje ya wodi ya hospitali, na bado unaisikia Mombasa yote dirishani. Nasema unaisikia, maana huioni. Filamu sita, zote za Mombasa, na Burhani hajatuonyesha bahari hata mara moja, hata kwa bahati mbaya! Shabiki asiyejua hilo hajui kitu.

Ya kwanza ni "Sare". Na hapa nitakwambia jambo ambalo sijaliandikia mtu. Mamangu alishona sare za shule za watoto wa Tudor nzima, kule Mombasa, na mimi nilivaa ya viraka, kwa sababu kitambaa cha wateja hakiguswi. Kuna pale yule mama kwenye filamu anampima mtoto wa mteja, na binti yake mwenyewe anatazama kutoka mlangoni. Kamera inamwacha mtoto wa mteja, inakwenda kukaa kwa binti. Sekunde kumi na moja, nimezihesabu. Mara ya kwanza nilitoka nje nikalia kwenye ngazi. Mama alifariki Mei 2020, ndege haziruki, nikamzika kwa simu nimekaa kitandani hapa Xiaobei. Nikimtaka, naweka "Sare".

Nina haja moja tu, Marijani. Siku moja Burhani ayasome haya, ajue sekunde zake kumi na moja zilimfikia nani. Sitaki picha naye wala sahihi yake. Nataka asome tu.

Orodha yako naingoja.

Dadako,
Adhiambo


Mombasa
19 Aprili 2024

Dadangu Adhiambo,

Idd imepita salama, sote wazima. Robota lilifika na barua niliikuta katikati ya jora la buluu. Wallahi umenitia uchungu. Nimeisoma dukani, mteja akaniuliza nimefiwa na nani.

Lakini "Sare" kuwa ya kwanza? Mie siiachi "Wapangaji", na yule mwigizaji simtazami mwanya, namtazama kazi. Hilo tutateta ana kwa ana inshallah.

Una kalamu wewe. Hebu niandikie kwa urefu kuhusu "Kitanda cha Tatu" na "Zamu ya Mlinzi", kila onyesho na kila sababu yako, usifupishe. Nataka tu kusoma, sina kubwa. Mambo yangu ni yale yale, duka na nyumbani, nyumbani na duka.

Mamangu hajambo. Alikaanga mahamri juzi akasema, Adhiambo angekuwako sinia lisingefika mezani.

Barua hii nampa Kioko, anarudi huko Jumatatu.

Kakako,
Marijani


Mombasa
2 Mei 2024

Adhiambo ma chère,

Miye niko Mombasa bado. Kontena yangu imekwama bandarini siku kumi na mbili, na mpaka itoke siwezi kwenda nyumbani Lubumbashi. Nashinda hotelini nasikiliza radio.

Jana mchana kulikuwa na kipindi cha sinema. Kuna bwana anaitwa Marijani, wanamwita Mwalimu wa Burhani, kila wiki anapanga zile filamu na kueleza. Sauti nzuri, vraiment. Akaanza kusema juu ya "Sare", na miye nikasema tiens, haya maneno nayajua! Ni ile barua ulinisomea kwako, Mwaka Mpya wa Wachina, tukila foufou. Kamera, mlango, sekunde kumi na moja, yote, neno kwa neno.

Sasa keti chini. Akasema, "Mamangu mie alishona sare za Tudor nzima." Akasema mama yake alikufa mwaka 2020 na yeye alimzika kwa simu. Mtangazaji akalia. Nilizima radio, nikaiwasha tena, sababu nilifikiri masikio yangu yameharibika.

Na bado. Mwezi wa tisa wanafanya sherehe ya kumheshimu Burhani, mzee mwenyewe atapanda jukwaani. Mtu wa kuketi naye na kumpangia filamu zake mbele ya watu ni Marijani. Wamemchagua sababu ya maneno yako.

Namtuma Bienfait na hii. Kwa simu ungepiga kelele mbele ya wateja.

Rafiki yako,
Odette


Xiaobei, Guangzhou
19 Mei 2024

Odette wangu,

Bienfait alinikuta Zhongda nikibishana na laoban wa satini. Nilisoma nimesimama. Yule bosi akashusha bei mwenyewe, akidhani uso wangu ni wa bei yake.

Ati mamake! Maneno yangu angechukua, ningetukana siku mbili nikanyamaza, maana maneno nitaandika mengine. Lakini kaniibia mama. Na wake yuko hai, Odette, yuko Kibokoni anakaanga mahamri, anatuma salamu kwenye barua ile ile ya mwanawe anayemzika redioni ili apate kiti. Kiti changu! Burhani atayasikia maneno yangu, na atadhani yametoka kwa mtu yule.

Sitaki aniombe radhi. Nataka aanguke. Nataka aanguke mchana, mbele ya watu wanaomjua, mbele ya Burhani, na ajue ni mimi niliyemsukuma.

Unajua ugonjwa wa sisi mashabiki? Hatuwezi kusema "hiyo sijaiona". Tuko radhi kufa. Mtu akitaja filamu usiyoijua unatikisa kichwa, unasema ah, ile, halafu unangoja aendelee kuongea ili ujue inahusu nini. Nimewahi kufanya hivyo mwenyewe. Basi nitampa Marijani filamu ya saba ya Burhani. Haipo, naitunga mimi hapa, na nitaiweka ya kwanza. Ataimeza. Septemba ataitapika mbele ya mwenye filamu, na Burhani atasema, bwana, hiyo si yangu.

Nitampa nafasi moja, kwa ajili ya miaka tuliyoandikiana. Filamu yangu itaanza na bahari. Shabiki wa kweli akisoma bahari kwenye filamu ya Burhani ataruka kitini. Akiruka, namwacha.

Wako,
Adhiambo


Xiaobei, Guangzhou
23 Mei 2024

Kaka Marijani,

Umenisifu kalamu, ngoja nikupe sababu. "Kitanda cha Tatu" itasubiri kidogo, nina habari kubwa kuliko hiyo.

Juzi nilikuwa mtaa wa Yide Lu nikinunua madaftari na kalamu za mteja wangu wa Machakos. Kuna duka la midoli linafungwa, mwenyewe anauza mpaka rafu. Kwenye kreti la diski kuukuu nikaona Kiswahili kilichoandikwa kwa mkono: "Kinyozi wa Makupa. B." Nikamuuliza kama kuna nyingine. Meiyou, akasema, hakuna, akanipa hiyo bure niondoke.

Marijani, ni Burhani! Ya kabla ya "Bi Arusi wa Voi". Inaanza baharini, asubuhi. Mtu mzima amesimama ufukoni, maji yanamfika vifundoni, ameshika shati lisilo lake. Anamngoja mwenye shati atoke majini. Dakika tatu nzima tunangoja naye na hatoki mtu. Kisha anafungua duka lake, ni kinyozi, na lile shati limetundikwa msumarini. Kila mteja anauliza ni la nani, na kila mteja anapewa jibu tofauti.

Naiweka ya kwanza, juu ya "Sare", na unajua hilo si jambo dogo kwangu. Wazee husema kuna filamu yake ya mwanzo iliyoonyeshwa mara mbili tu ikapotea. Mtu kama wewe lazima uliiona. Niambie, nimekosea?

Dadako,
Adhiambo


Mombasa
24 Juni 2024

Dadangu kipenzi,

"Kinyozi wa Makupa"! Umenirudisha mbali mno. Niliiona, ndiyo, nikiwa kijana, nilikaa nyuma kabisa na ukumbi umejaa. Hujakosea hata kidogo, ni ya kwanza. Ile bahari! Ile bahari ndiyo Burhani mwenyewe, huwezi kumtenganisha Burhani na bahari.

Ila miaka mingi imepita na kumbukumbu imeingia kutu. Nikumbushe kidogo mwisho wake. Na lile shati lilikuwa rangi gani? Mie katika kichwa changu ni la kijivu, lakini huenda ni taa za siku zile. Usimwambie mtu kuhusu diski hiyo kwanza, watu wana husuda.

Hapa hakuna jipya. Mama anakuombea dua.

Kakako,
Marijani


Xiaobei, Guangzhou
15 Julai 2024

Kaka Marijani,

Shati ni jeupe lenye mistari ya kahawia. Mwishoni kinyozi analivaa, linamtosha. Anafunga duka, anarudi ufukoni palepale, anaanza kuvua viatu. Filamu inakatika kabla hajamaliza kiatu cha pili.

Umesema huwezi kumtenganisha Burhani na bahari. Hayo nimeyasoma mara tatu, na sina la kuongeza.

Nisalimie mama. Mwambie Mungu ampe umri.

Adhiambo


Mombasa
23 Septemba 2024

Kwa Dada Adhiambo, ambaye hatujaonana,

Mimi ni Nahla, binti wa Burhani. Nimeomba nambari yako ya simu kwa Bwana Marijani, akasema mnawasiliana kwa barua tu. Nimepata jina la Bwana Kioko, naye amekubali kukuletea hii. Nisamehe kwa kukutwisha mambo ya nyumba yangu.

Tarehe kumi na nne, baada ya Alasiri, Baba aliheshimiwa hapa Mombasa. Bwana Marijani alikaa naye jukwaani akipanga filamu. Alipofika ya kwanza akataja "Kinyozi wa Makupa". Baba akacheka, akasema, "Hiyo si yangu, mwanangu." Watu wakacheka pia. Bwana Marijani akatoka jasho, nikamhurumia, kisha akaanza kuisimulia onyesho kwa onyesho. Alipofika pale mtu amesimama ufukoni ameshika shati, Baba akaacha kucheka.

Nitakwambia lisilojulikana nje ya nyumba yetu. Baba alikuwa na kaka, Athumani, aliyezama Baba akiwa na miaka kumi na tisa. Baba ndiye aliyebaki ufukoni na shati lake. Ndiyo sababu hajaielekezea bahari kamera maisha yake yote. La pili ni kwamba ana miaka sabini na minane, na tangu mwaka jana anasahau. Hupotea katikati ya sentensi. Tumelificha, kwa sababu yeye mwenyewe anaona haya.

Akanigeukia kwenye kipaza sauti. "Nahla, niliitengeneza?" Ukumbi ukadhani ni unyenyekevu wa mzee, ukasimama, ukampigia Bwana Marijani makofi. Sasa wanasema anamjua Burhani kuliko Burhani anavyojijua.

Leo ni siku ya tisa Baba yuko stoo. Anafungua mikebe ya filamu mmoja mmoja, anatazama, anaufunga. Jana nilimkuta analia. Alisema, "Nimempoteza Athumani mara ya pili, na safari hii ni mimi niliyemsahau."

Bwana Marijani anasema diski iko kwako. Nakuomba kwa jina la Mungu, nitumie nakala. Kama kweli aliitengeneza, aione. Kama hakuitengeneza, nijue la kumwambia.

Wako katika shida,
Nahla Burhani


Xiaobei, Guangzhou
8 Oktoba 2024

Bi Nahla,

Pole sana. Barua yako nimeipata jana.

Sina diski yoyote na sijawahi kuwa nayo. Filamu hiyo haipo. Tafadhali mwambie mzee leo hii, hajasahau kitu, hakuna mkebe wa kutafuta. Sijui Marijani ameitoa wapi. Mimi humtumia vitambaa tu. Ametunga ili apigiwe makofi, na alipobanwa akakutajia mtu aliye mbali, akidhani hutanifikia.

Ukitaka kumjua vizuri, sikiliza kipindi chake cha mwezi wa tano anapoeleza alivyomzika mamake kwa simu. Kisha nenda Kibokoni ukamwamkie huyo mama. Utamkuta barazani, mzima kabisa.

Nitafika Mombasa Desemba. Nitaomba ruhusa yako nije kumsalimia mzee. Kazi yake imenilea.

Kwa heshima,
Adhiambo


Xiaobei, Guangzhou
8 Oktoba 2024

Odette,

Nimemjibu yule binti. Nusu kweli, nusu uongo. Kweli kwamba filamu haipo, uongo kwamba sijui Marijani ameitoa wapi.

Cheki vile amekwama! Akitaka kuonyesha kwamba ni mimi niliyemdanganya, lazima atoe barua zangu. Akitoa barua zangu, Mombasa nzima itajua kwamba Mwalimu wa Burhani hajawahi kufikiri neno lake mwenyewe. Hana mlango wa kutokea. Nimecheka peke yangu ndani ya lifti ya Tianxiu mpaka watu wakasogea kando.

Mzee ananiuma, sitakuficha. Niliposoma lile la kakake niliacha kula. Sikujua, Odette! Nilitunga tu shati, lingeweza kuwa kofia. Na ningeweza kumwandikia Nahla mistari miwili, kwamba ni mimi, nihurumieni. Lakini nikisema hivyo, kwa Burhani nitakuwa yule mwanamke wa shati mpaka siku anaingia kaburini, na Marijani atakuwa maskini aliyedanganywa, watampa maji na kiti. Hapana. Kwanza aanguke. Mzee nimeshamwambia filamu haipo, atatoka stoo. Mengine nitampigia magoti Desemba.

Najua utasema nini. Usiseme.

Adhiambo


Mombasa
29 Oktoba 2024

Adhiambo,

Nimekuelewa sasa. Nimechelewa lakini nimekuelewa.

Nahla alikuja nyumbani. Alimkuta Mama barazani, akambusu mkono, akampa simu asikilize kile kipindi. Mama alicheka kwanza, akidhani ni mchezo wa kuigiza. Halafu akasikiliza mpaka mwisho, akanisikia nikimlilia. Ni wiki mbili hajanisemesha. Chakula ananiwekea amekifunika, anainuka anaondoka. Umefurahi?

Niliiba. Haya, nalisema kwa kalamu na kwa sahihi, kama sheria yako. Mwanzo nilisoma kipande kimoja redioni wakakipenda, wakataka kingine, na mie nilikuwa sina kingine, nilikuwa na barua zako. La mama lilinitoka tu, sikupanga. Nilisema "mamangu" na mtangazaji akalia, ndipo nikashindwa kurudi nyuma. Ungeniandikia "Marijani we mwizi", ningekuja kwa magoti mpaka huko China. Hukuniandikia hivyo. Ulinichekea miezi minne na kumsalimia mamangu.

Sasa wewe ulidhani nitaona haya kuzitoa barua. Nilizitoa! Zote kumi na nne, tangu ya kwanza, na ya kinyozi, na ya rangi ya shati, nikamwekea Nahla mkononi. Redioni wamenifukuza. Hapa mtaani watoto wananiita Kinyozi. Nimeanguka kama ulivyotaka, lakini sikuanguka peke yangu. Nimeushika mkono wako na sikuuachia.

Satini zako sizitaki tena. Tafuta duka jingine.

Marijani


Mombasa
12 Novemba 2024

Adhiambo,

Bwana Marijani aliniletea barua zako kumi na nne. Baba alitaka asomewe zote, kwa mpangilio wa tarehe, kila asubuhi baada ya kifungua kinywa. Tulichukua siku nne.

Sijamwona na furaha ile muda mrefu. Aligombana nawe kuhusu "Bi Arusi wa Voi", alisema huna adabu, kisha akakiri kwamba wanaongea kweli kama wako mbele ya hakimu. Tulipofika barua ya "Sare" alinisimamisha, akataka nirudie. Nikarudia. Akasema alikuwa na sekunde arobaini pale mlangoni, akazikata kwa kuogopa watu wataguna. Akaniuliza mwandishi wa barua hii yuko wapi, na kwa nini jukwaani hakuwekewa yeye kile kiti. Akaenda stoo mwenyewe, akautoa mkebe wenye zile sekunde zilizokatwa, akauweka mezani, akasema, "Akija Desemba nitamwonyesha mamake kwa kirefu."

Siku ya nne zilibaki barua za mwezi wa tano na wa saba. Nilitaka kuzificha. Alikuwa amezihesabu.

Nilisoma. Nilipomaliza aliuliza, "Huyu ndiye yule wa sare?" Nikasema ndiye. Akauliza, "Alijua kuhusu Athumani?" Nikasema hapana, hakujua. Akatikisa kichwa kama mtu aliyepumua, na mimi nikadhani yamekwisha. Halafu akauliza, "Nilipokuwa stoo, alijua?"

Ningeweza kumdanganya. Lakini katika nyumba hii amedanganywa ya kutosha mwaka huu. Nikamwambia kwamba nilikuandikia, nikakueleza yote, nawe ukanijibu kwamba hujui filamu ilitoka wapi.

Aliurudisha mkebe stoo yeye mwenyewe. Jina la Bwana Marijani limeshamtoka. Lako analikumbuka. Alinikataza kukujibu. Nimekujibu kwa hiari yangu, ili usikate tiketi.

Nahla